Tupeane uzoefu: ulipochukua 4x4 mkononi hapa Dar, ulikutana na nini?

Mnyonge wa Makoka
Wakuu, habari za jioni. Leo nimepita Mwenge nikaiona Prado yangu ya zamani, niliyoiuza miaka mitatu iliyopita, imeegeshwa pembeni na karatasi ya INAUZWA kwenye kioo. Rangi mpya, tairi zimepakwa dawa zinang'aa. Nikajifanya mnunuzi. Dalali akaanza: "Bosi, hii ilikuwa ya mama mmoja wa ofisini. Kazini, kanisani, nyumbani, basi." Huyo mama ni mimi hapa, mwanaume wa kilo 96, na gari hiyo nimebebea mahindi ya Handeni misimu miwili. Nikachungulia kilometa: 118,000. Mimi niliiachia ikiwa na 241,000.

Nimecheka mpaka nyumbani, halafu nikakumbuka na mimi nilivyoingizwa mjini wakati naichukua. Ni ile ya 90, dizeli, injini 1KZ. Niliijaribu Mikocheni, barabara tambarare, AC inauma meno. Wiki ya pili naipeleka Iringa, Kitonga ikanieleza ukweli wote: mshale wa joto ukapanda haraka kuliko sisi. Silinda hedi imepasuka. Tulilala pale pale mlimani.

Haya, nani kapigwa, nani kapona?

Jirani wa Feri
Mama wa ofisini kilo 96 😂😂

Spana 17
1KZ haijaribiwi Mikocheni, mkuu. Nenda asubuhi, gari ikiwa ya baridi. Ukikuta muuzaji ameshaiwasha "ili ipate moto", mwambie utarudi kesho. Fungua mfuniko wa rejeta ingali baridi, washa, angalia maji. Yakitoa mapovu mfululizo kama soda, shika njia. Yakitulia, funika, ipandishe vilima vya Goba au Pugu na AC imewashwa. Kesho yake minya hosi ya juu ya rejeta kabla hawajawasha. Kama bado ngumu na injini imelala usiku kucha, ujue hewa ya silinda inaingia kwenye maji.

Wanaokimbilia Prado 120 ya 1KD nao wasijidanganye. Zile za mwanzo, washa (vile viringi vya shaba) za noseli zinavujisha, masizi yanashuka kwenye oili, chujio la kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini, linaziba, injini inakauka oili huku unaimba nayo. Nimefungua sampu nyingi humo ndani nikakuta lami tupu.

Asiye na Haraka
Ndiyo maana wenye akili tunachukua petroli 2.7 na kulala usingizi.

Dizeli Damu
Mnalala kwa sababu haifiki popote. 2.7 kwenye mwili ule ni kumbebesha mtoto gunia.

Asiye na Haraka
Nimeshafika Songea nayo mara nne. Wewe dizeli yako imefika wapi zaidi ya Gerezani kutafuta spea?

binti_kibada
Mimi nilichukua Escudo. Nilipoingia tu nikasikia harufu. Dalali hakubabaika: "Dada yangu, mwenye gari alikuwa mtu wa samaki, kila alfajiri yuko Feri." Nikasema sawa, samaki hawaui injini. Mwezi wa pili taa za dashibodi zikaanza kuwaka kama za Krismasi, vioo vinashuka vyenyewe, honi inalia usiku wa manane mpaka jirani akaja kugonga geti. Fundi umeme akang'oa zulia. Chini kuna tope lililokauka, limepasukapasuka kama shamba la mpunga. Akauvuta mkanda wa siti mpaka mwisho kabisa, kule ambako hakuna anayevuta, kuna mstari wa udongo. Gari ilikunywa maji ya mafuriko ya Jangwani ikashiba.

Sasa hivi nikikagua gari navuta mikanda yote minne kwanza. Wananishangaa, wacha washangae.

Jirani wa Feri
Sisi watu wa Feri tumesingiziwa sana humu.

Kijana wa Chanika
Chukueni RAV4 Kilitaimu, mnasumbuka bure. Mimi Chanika masika yote napita.

Mzee wa Mkonga
RAV4 haina chesisi wala 4L, kijana wangu. Hiyo ni gari ndogo iliyovaa viatu virefu. Hata hiyo Escudo ya zamani ya binti, ingawa ilizama, ina chesisi na gia ya chini.

Kijana wa Chanika
Shikamoo mzee. Ila ninapopita nakutana na Land Cruiser za mkonga zimenasa.

Mzee wa Mkonga
Marahaba. Dereva ndiye aliyenasa.

Mkwe wa Tegeta
Nyie mnazungumzia injini. Yangu ilikuwa nzima kabisa, mpaka leo nzima.

Nilinunua kwa jamaa tuliyekuwa tunasali naye. Milioni 26, mkataba kwa wakili, kadi mkononi. Kubadili jina TRA nikasema nitaenda tu, miezi minne ikapita. Jumamosi moja tunaenda sendofu ya shemeji Tegeta, tunatokea Kimara tunakatisha Goba. Mbele mke wangu, nyuma mama mkwe na shangazi zake wawili, na keki ya ngazi tatu mapajani mwa mama mkwe kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kuishika. Katikati ya kilima gari ikazima. Haikukohoa, haikutetemeka. Ilizimwa kama redio. Nawasha, kimya. Jua la saa tisa.

Haijapita robo saa, wakaja vijana wawili na bodaboda. Mmoja akashuka, akatoa ufunguo mfukoni. Ufunguo wa gari yangu! Mama mkwe akaniuliza kwa upole: "Baba, hawa ndio mafundi uliowaita?" Kijana akamjibu mwenyewe: "Shikamoo mama. Sisi tunatoka ofisini, gari hii ina deni."

Kumbe jamaa aliiweka dhamana kwa wakopeshaji wa kausha damu, wale wa riba kali, kabla hajaniuzia. Wakafunga kifaa cha kuifuatilia, kinazima injini kwa simu. Kadi ya kwanza iko kwenye droo yao. Yeye akaripoti polisi kuwa imepotea, akapewa nyingine, ndiyo niliyoshika mimi. Marejesho yalipokwama, wakabonyeza.

Walitupa dakika kumi tushushe vitu. Tukaingia kwenye bajaji mbili. Keki ilifika ikiwa ngazi mbili. Gari niliikomboa kwa milioni 11, jamaa ananilipa kwa mafungu mpaka leo, akijisikia.

Jirani wa Feri
Mama mkwe alisemaje???

binti_kibada
Jamani hiyo keki. Nimesimama kusoma.

Dizeli Damu
Ilikuwa gari gani, dizeli au petroli?

Asiye na Haraka
Mtu kadhalilika mbele ya wakwe, wewe unauliza wese.

Mkwe wa Tegeta
Hakusema neno. Ila tangu siku hiyo nikifika kwake, kabla ya salamu anauliza, "Leo umekuja na nini?"

Spana 17
Pole sana, mkuu. Kadi ikiwa ni nakala ya pili, hapo hapo uliza ya kwanza iko wapi. Na fundi umeme apite chini ya dashibodi atafute waya usio wa kiwandani.

Mzee wa Mkonga
Pesa isitoke kabla hamjakaa wote wawili TRA. Angalia pia faini za trafiki na deni la maegesho la TARURA kwa namba ya gari, la sivyo utalipia starehe za mwenzako.

Kijana wa Chanika
Dawa ni kuagiza Japani tu, hakuna mama wa ofisini wala kausha damu.

Asiye na Haraka
Umeshafungua kikokotoo cha TRA? Hizo 4x4 mnazozitamani zote zimepita miaka 10, ushuru wa uchakavu peke yake asilimia 30. Bado ushuru wa forodha 25, bado VAT 18. Ukimaliza hesabu unaipenda bodaboda.

Dizeli Damu
Kwa mara ya kwanza nakubaliana naye.

Mnyonge wa Makoka
Wakuu turudi kwenye mada, kuna mwenye uzoefu wa kukagua chesisi za gari zilizokaa pwani? Nasikia kutu inafichwa kwa rangi nyeusi.

Spana 17
Gonga kwa nyundo ndogo, sehemu kwa sehemu. Palipooza kwa kutu hapalii, panafanya "pu".

Jirani wa Feri
Mkwe wa Tegeta, shemeji aliolewa lakini?

Mkwe wa Tegeta
Aliolewa. Kwenye picha za keki wamekata upande.

Mgeni Mbagala
Wakuu samahani, nimechelewa kuingia. Hiyo Prado ya Mwenge wanauza bei gani? Nina 17 taslimu.

Mnyonge wa Makoka
Mkuu umesoma uzi wote?

Mgeni Mbagala
Nimesoma pale juu. Si ndiyo ile ya mama wa ofisini, kilometa 118,000?