Tovuti ya kurasa 5 Mtwara: nitoze ngapi?

Mwana_Shangani
Wakuu, nipo Mtwara mjini. HTML, CSS na WordPress nazimudu, JavaScript bado naikamata. Nyumba ya wageni Mikindani inataka tovuti ya kurasa 5: vyumba, bei, picha, ramani, mawasiliano. Wanasema wana 150,000 tu. Niichukue? Na kazi hii inamlisha mtu huku Kusini bila kuhamia Dar?

fundi_kurasa
Mkuu, anza na saa zako, sio mfuko wao. Mwezi una saa kama 160 za kazi, ila nusu huishia kufuatilia wateja, kujifunza na kusubiri picha. Zinazolipwa weka 80. Ukihitaji 600,000 ya kuishi na 120,000 ya bando, umeme na kompyuta, gawa 720,000 kwa 80: saa moja ni 9,000. Kurasa 5, pamoja na kusafisha picha na raundi 2 za marekebisho, hesabu saa 40. Hiyo ni 360,000, domeni (jina la tovuti) na hosting (kuiweka hewani) pembeni.

Kwa 150,000 wamenunua saa 16 na ushee. Wape kinachoingia humo: ukurasa 1 mrefu wenye vyumba, bei, ramani na kitufe cha WhatsApp. Tafadhali usishushe bei huku kazi imebaki ileile, unatuharibia wote.

Nusu ichukue kabla hujaanza. Halafu andikeni kwamba salio linalipwa siku 14 baada ya kuwaonyesha rasimu, hata kama maelezo ya vyumba hawajaleta. Kazi nyingi hukwama hapo.

Korosho_Daraja1
Naongezea. Domeni ya .co.tz isajiliwe kwa jina na barua pepe ya mteja, kupitia msajili aliyeidhinishwa wa majina ya .tz. Ikiwa kwa jina lako, ukisahau kulipia mwaka wa pili tovuti inazimika na lawama yote ni yako.

Picha za simu huja na MB 4 au 5 kila moja. Punguza upana hadi pikseli 1,200, hifadhi kwa WebP (aina ya faili jepesi la picha), ishuke chini ya KB 150. Mgeni aliye njiani na mtandao wa kusuasua hasubiri.

Pesa ya kudumu ipo kwenye matunzo. Toza 30,000 kwa mwezi: bekapu (nakala ya akiba) kila wiki, kusasisha plagini (programu nyongeza za WordPress), kubadili bei za vyumba. Wateja 10 ni 300,000, tayari nusu ya ile 600,000. Bekapu itangulie kusasisha. Plagini ikigombana na toleo la PHP (lugha inayoendesha WordPress), ukurasa unabaki mweupe. Na huku pesa ina msimu. Wateja wa Masasi na Newala waombe walipe matunzo ya mwaka mzima minada ya korosho ikishachangamka, Novemba hivi. Aprili utabisha hodi bure.

Mwana_Shangani
Asanteni sana. Mteja akiwa kampuni, ile 5% wanayokata?

fundi_kurasa
Ni kodi ya zuio kwenye huduma za kitaalamu. Kwenye 360,000 wanakata 18,000, unapokea 342,000. Wadai cheti cha zuio chenye TIN yako, maana kiasi hicho hupunguzwa kwenye kodi yako ya mwaka. Bila cheti, 18,000 imepotea.

Kuhusu Dar, maliza JavaScript kwanza. Nyumba za wageni za Kilwa Masoko, wanakofikia wanaokwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, zinahitaji fomu ya kuhifadhi chumba inayokagua tarehe, na hapo ndipo JavaScript inapoingia. Hiyo ni kazi ya saa nyingi kuliko kurasa 5, na unaifanya ukiwa hapohapo Shangani.