Mwanafunzi aliyetoka jeshini anaondoka darasani ghafla, nimsaidieje?

MleziTudor: Salaam wadau. Nasimamia nasaha katika chuo kimoja hapa Mombasa. Tuna mwanafunzi wa umeme, mstaafu wa KDF aliyehudumu Somalia. Karakana haikosi. Mihadhara ya ukumbini, kishindo kidogo tu keshatoka. Walimu wanasema ni utovu wa nidhamu, na mitihani ni wiki 3 zijazo. Nianzie wapi?

BiNasaha: Mwalimu, anzia kwenye kiti. Mwenye PTSD, yaani kiwewe kinachobaki baada ya mambo ya kutisha kama vita, mwili wake uko macho saa zote. Ukimkalisha katikati ya ukumbi, watu mgongoni na mlango haouoni, akili inakwenda kuchunga mgongo, ya kusoma haibaki. Mpe kiti cha nyuma, mgongo ukutani, mlango anauona.

Siku ya mtihani msimamizi asipite nyuma yake wala asimguse bega. Aje kwa mbele, amwite kwa jina. Viti vya chuma vikiburutwa kwenye simiti vinapiga kelele mbaya sana, kwa hivyo mtafutie chumba kidogo kisichopakana na barabara. Ombeni nyongeza ya robo ya muda: mtihani wa saa 2 uwe saa 2 na nusu. Yaandikwe kwenye karatasi moja yenye kichwa "Mahitaji ya mtihani", bila jina la ugonjwa. Mwalimu wa hesabu hahitaji kujua mtu aliona nini Somalia.

Chumvi_Kisauni: Na jenereta! Stima ikipotea, ule mlipuko wa kuwaka ndio humtoa mtu kitini. Aonyeshwe ilipo, na ikijaribiwa aambiwe mapema.

MuuguziPwani: Kiti hakitibu, ndugu zangu. Dalili zikizidi mwezi mmoja apimwe. Port Reitz wana kitengo cha afya ya akili. Tiba yenyewe hasa ni mazungumzo yanayolenga kiwewe, mara nyingi vikao 8 hadi 16, kwa hivyo ratiba ya chuo imwachie saa moja ile ile kila wiki.

Daktari akimpa sertralini, dawa ya unyogovu inayotumika pia kwa kiwewe, kwa kawaida huanza na miligramu 25 kwa siku, na baada ya wiki moja hupanda hadi miligramu 50. Nafuu huchukua wiki kadhaa. Wengi huacha wiki ya pili wakidhani dawa haifanyi kazi, na hapo ndipo pa kumfuatilia. Diazepamu, dawa ya kutuliza, ya kujinunulia hapana: haitibu kiwewe na humfanya mtu mateka wake. Muulize pia kuhusu muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa, kwa upole. Unakesha nao, moyo mbio, kesho yake kila sauti ni bomu.

MleziTudor: Shukran sana. Akishikwa na hofu pale pale darasani?

BiNasaha: Usimshike, usimzibe njia ya mlangoni. Simama upande, hatua 2 au 3 kutoka kwake, sauti ya chini: "Uko Mombasa, uko chuoni, leo Jumanne." Akanyage sakafu kwa nguvu, ataje vitu 5 anavyoviona, 4 anavyovigusa, 3 anavyovisikia. Pumzi avute kwa hesabu ya 4, atoe kwa 6. "Tulia" haisaidii, na maswali ya vita yasiulizwe hapo.

MuuguziPwani: Akitaja kujiua, asiachwe peke yake hata dakika. Piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu, kisha mpelekeni hospitali mkiwa 2.

MleziTudor: Kesho asubuhi namuita, achague kiti mwenyewe ukumbi ukiwa mtupu.