Naomba ushauri: swali langu kuhusu washindi wa Eurovision limezua ubishi

Msafiri wa Gothenburg:
Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Kila mwezi wa tano majirani wa jengo letu hukusanyika kutazama Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, na safari hii nimepewa kazi ya kuandaa chemshabongo kuhusu washindi wa miaka iliyopita. Kadi ya mwisho inauliza ni mshindi yupi aliyewahi kuvuna pointi nyingi kuliko wote, na jibu nililoliandika nyuma yake ni Salvador Sobral wa Ureno, aliyepata 758 mwaka 2017. Mzee mmoja Mswidi aliiona nikiwa bado naikata kwa mkasi, akahamaki, kwa sababu kwa hesabu hiyo ABBA, bendi ya kwao Uswidi iliyoshinda mwaka 1974 kwa pointi 24, wanatupwa mkiani. Je, niichane au niiache?

Kalamu Nyekundu:
Jibu lako ni sahihi, lakini mzee ana hoja. Mwaka 1974 kila nchi ilikuwa na waamuzi 10, na kila mwamuzi alikuwa na kura moja tu. Utaratibu wa kumpa wimbo bora pointi 12 ulianza mwaka uliofuata, na tangu 2016 kila nchi hutoa mafungu mawili, moja la waamuzi na jingine la watazamaji. Hapo unapima mchele wa huyu kwa pishi na wa yule kwa kilo.

Hesabu Haidanganyi:
Usiichane. Uliza ni nani, tangu 1975, aliyechukua sehemu kubwa zaidi ya pointi alizoweza kupata. Brotherhood of Man wa Uingereza walipata 164 kati ya 204 mwaka 1976, yaani asilimia 80 na ushei. Alexander Rybak wa Norwei alipata 387 kati ya 492 mwaka 2009, karibu asilimia 79. Na Sobral wako, 758 kati ya 984, anabaki na asilimia 77.

Mama Nuru:
Mimi ningeachana na pointi kabisa, maana wageni wakishashiba hawataki kugawanya namba. Waulize ni nani aliyeshinda mara mbili akiwa mwimbaji: Johnny Logan wa Ayalandi, 1980 na 1987, ambaye pia ndiye aliyetunga wimbo ulioshinda mwaka 1992, na Loreen wa Uswidi, 2012 na 2023. Mzee wako atafurahi, kwa kuwa ushindi huo wa pili wa Loreen ndio ulioifanya Uswidi ifikishe mara saba na kuwa sawa na Ayalandi. Usisahau Céline Dion, Mkanada aliyeiwakilisha Uswisi mwaka 1988 na kushinda kwa tofauti ya pointi moja.

Msafiri wa Gothenburg:
Ahsanteni sana. Nimeiandika upya kadi kwa kufuata asilimia, na la Logan na Loreen nimeliongeza. Limebaki moja: kadi ya 1969 inauliza mshindi, ilhali Hispania, Uingereza, Uholanzi na Ufaransa zilifungana kwa pointi 18 na zote nne zikatangazwa washindi. Atakayetaja nchi moja tu nimpe nini?

Kalamu Nyekundu:
Robo.