Matumbo joto ya fainali za NBA: wana Tanga tunaokesha, tupeane uzoefu

Mgosi wa Raskazone (mwanzisha uzi):

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wetu sisi tunaoamka saa tisa za usiku kila ifikapo Juni kuangalia fainali za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mji wote umelala na barabarani inapita bodaboda moja moja kuelekea Kange. Nani bora kati ya Jordan na LeBron, huo mjadala una nyuzi zake. Hapa nataka tuongee hofu tu. Ni mechi gani ya fainali ilikutoa jasho, ulikuwa wapi, na uliimalizaje?

Naanza mimi. Ni wa San Antonio Spurs tangu enzi za Tim Duncan, na msimamo wangu ni kwamba timu ikiwa nyuma huogopi kiasi hicho, maana ushakata tamaa mapema. Balaa ni pale inapoongoza, tena imebakiza mechi moja ibebe.

Juni 2013, mechi ya sita, tuko kwa Miami Heat. Tunaongoza 3-2, tukishinda tumemaliza. Kwa saa zetu mechi ilianza saa kumi alfajiri. Zilipobaki sekunde 28 tulikuwa mbele 94 kwa 89. Huku kwangu kumeshakucha, mke wangu anawafunga watoto vifungo vya mashati ya shule, mimi nimesimama katikati ya sebule na kiatu cha kazi mkononi. Kule Miami wameshaleta kamba ya njano ya kuzungushia uwanja kwa ajili ya kukabidhi kombe, na baadhi ya mashabiki wao wameshatoka ukumbini wanaelekea kwenye magari.

LeBron, wakati huo wa Miami, akatupa tatu (mtupo wa mbali wa pointi tatu), ikaingia. Kawhi Leonard wetu, wakati huo kijana mdogo, akapata mitupo huru miwili, akafunga mmoja. LeBron akatupa tena, akakosa. Na Duncan wetu yuko benchi! Kocha Popovich alimpumzisha ili aweke watu wepesi wa kuwakimbiza watupaji wa tatu. Chris Bosh wa Miami akaruka peke yake akadaka ribaundi, yaani mpira uliokosa na kurudi, akamwachia Ray Allen. Allen alikuwa anarudi kinyumenyume kwa hatua fupi fupi kuelekea kona, na hakuangalia chini hata mara moja, lakini miguu ikatua nje ya mstari wa tatu. Akatupa, ikaingia. Sekunde 5.2 zimebaki. 95 kwa 95.

Muda wa nyongeza tukafungwa 103 kwa 100. Mechi ya saba tukafungwa 95 kwa 88. Mke wangu alisema neno moja tu asubuhi ile: "Baba watoto, vaa kiatu uende kazini."

Mwaka uliofuata tulikutana nao tena, tukawapiga 4-1. Watu wanadhani kisasi kilinitibu. Wapi! Mechi ya mwisho tuko nyumbani, tunaongoza kwa pointi nyingi, robo ya nne inakatika, na mimi bado nahesabu sekunde. Tiririkeni wakuu.

Dada wa Ngamiani:

Kaka nakuunga mkono, na ushahidi ninao ndani ya nyumba yetu.

2016 fainali ziliangukia Ramadhani. Mdogo wangu wa kiume ni Golden State Warriors damu damu, na msimu ule walikuwa wameshinda mechi 73 wakapoteza 9 tu. Kwenye fainali wakawa mbele ya Cleveland 3-1. Kabla ya hapo hakuna timu iliyowahi kutoka nyuma 3-1 kwenye fainali ikabeba kombe, na hilo alilirudia kila siku wakati wa kufuturu mpaka Baba akamkataza. Kisha Draymond Green wa Warriors akafungiwa mechi ya tano, LeBron, sasa yuko Cleveland, na mwenzake Kyrie Irving wakafunga pointi 41 kila mmoja. Mechi ya sita LeBron akaongeza 41 nyingine. Ikawa 3-3. Futari haipandi tena. Kijana anamega muhogo wa nazi, anaushika, anaurudisha sahanini.

Mechi ya saba kwetu ilikuwa saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa hiyo daku tulilia mbele ya televisheni. Wali na mchuzi wa samaki, macho yote kwenye kioo, hakuna anayeongea. Vijana wa ngoma ya daku walipita barabarani kwetu wakakuta watu tuko macho kitambo.

Adhana ya Alfajiri ikasomwa robo ya nne inaendelea. Baba akatawadha, akaja kusimama mlangoni na kanzu yake. Ubao unasoma 89 kwa 89, na ulibaki hivyo zaidi ya dakika tatu za mchezo, hakuna upande unaopata kikapu. Baba hakusema kitu. Mdogo wangu akanyanyuka, akachukua kofia yake juu ya friji, wakatoka wote kwenda msikitini.

Nikabaki na Mama. Nikamwona LeBron anamfukuzia Iguodala wa Warriors kutoka nyuma na kuubamiza mpira kwenye ubao. Nikamwona Kyrie anatupa tatu usoni kwa Curry, nyota wa Warriors, zimebaki sekunde 53. Ikaisha 93 kwa 89. Sasa hofu ikahamia kwangu, kwa sababu mimi ndiye wa kumpa habari. Aliporudi alisimama uani, akaniona, akasema, "Dada, usiniambie kwanza." Akaingia kulala. Saa nne akatoka, akakaa kwenye kibao cha mbuzi pale jikoni, ndipo akaniambia nieleze. Swali lake lilikuwa moja: Curry alipata nafasi ya kusawazisha? Nikamwambia alipata, alitupa, Kevin Love kamganda, haikuingia.

Wa Dunda, Bagamoyo:

Huku kwetu tunaangalia kwenye simu moja, watu wanne, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Hofu yetu kubwa ni picha kuchelewa. Mechi yenyewe imeshasonga mbele sisi bado tuko nyuma yake. Nyumba ya tatu kuna jamaa ana king'amuzi, akipiga ukelele tunajua kuna jambo limetokea, ila hatujui ni zuri au baya. Unautazama mpira uko hewani huku unajua kwamba jibu lake lilishapatikana zamani. Kwa hiyo tuliweka sheria: simu nyingine zote data zinazimwa kabla ya robo ya kwanza, na yule jirani tukamwomba ahamie kwetu siku za fainali. Alikubali, anakuja na kahawa.

Kocha wa Mabawa:

Wakuu, mimi nafundisha watoto kikapu jioni, niwaambie kwa nini kuongoza hakutoshi.

Fainali ni mechi saba, anayewahi nne ndiye bingwa. Tangu 2014 mpangilio ni mbili kwa mwenye rekodi bora, mbili kwa mwenzake, halafu moja moja. Kabla ya hapo, kuanzia 1985, zilikuwa mbili, tatu, mbili. Ndiyo maana Spurs wa mgosi 2013 walicheza ya sita na ya saba zote ugenini. Ukiwa umeshinda mbili za mwanzo nyumbani hujafanya kitu cha ajabu, umelinda kwako tu. Na timu zikikutana mara nyingi hivyo, makocha wanajua kila kona ya mwenzao. Wakimpata mlinzi mmoja dhaifu watamwandama usiku kucha, kila shambulizi linaelekezwa kwake.

Mfano wangu ni Milwaukee Bucks, 2021. Phoenix Suns waliwafunga mbili za kwanza, na Giannis Antetokounmpo alikuwa ametoka kuumia goti raundi iliyopita. Lakini mimi sikuogopea goti, nilikuwa naogopa mitupo huru. Giannis akisimama pale anavuta pumzi, anadunda mpira, anautazama ubao, na sheria inampa sekunde kumi tu. Mashabiki wa timu pinzani walikuwa wanamhesabia kwa sauti, uwanja mzima, moja, mbili, tatu. Na alikuwa anakosa kweli, mingine haigusi hata chuma. Nilikuwa nikimwona anaelekea kwenye mstari natoka nje nasimama barazani.

Mechi ya sita, siku zilezile za Idi Kubwa, alipewa mitupo huru 19 akafunga 17. Pointi 50 kwa jumla. Bucks wakashinda 105 kwa 98 na kubeba kombe la kwanza tangu 1971. Jioni yake watoto wangu wote walitaka kupiga mitupo huru tu, hawakutaka kukimbia. Niliwaachia.

Wa Memphis:

Mimi nilijichagulia Memphis Grizzlies 2009 walipomchukua Hasheem Thabeet wetu namba mbili kwenye drafti, ule uteuzi wa wachezaji wapya. Thabeet aliondoka, mimi nikabaki. Hatujawahi kufika fainali. 2013 tulifika nusu, hao Spurs wa mwanzisha uzi wakatupiga 4-0. Hiyo hofu mnayoilalamikia mimi naitamani.

Mzee wa Chumbageni:

Vijana wangu, nyinyi mna bahati ya kuogopa huku mnaona.

1994 nilikuwa na mapenzi makubwa na Hakeem Olajuwon wa Houston Rockets. Mnigeria, Mwislamu mwenzetu, mrefu lakini miguu yake myepesi utadhani anacheza soka. Fainali wakakutana na New York Knicks. Televisheni za Bara ndiyo kwanza zinaanza, na kwangu haikuwepo. Tulitegemea redio za nje, dakika chache za michezo mwisho wa habari, na magazeti yaliyofika yameshapitwa. Nikasikia Knicks wanaongoza 3-2. Baada ya hapo kimya, habari za michezo zikawa mpira wa miguu tu, maana Kombe la Dunia lilikuwa linachezwa Marekani kulekule.

Sasa wewe unakwenda kazini, unarudi, unakula, unalala, na hujui kama mtu wako ameshashinda au ameshafungwa. Nilikuwa nawauliza mabaharia. Habari iliponifikia, mfululizo ulikuwa umeshakwisha: Rockets wameshinda ya sita 86 kwa 84 na ya saba 90 kwa 84. Baadaye sana ndipo nikaona kwenye kanda ya video jinsi John Starks alivyonyanyuka kutupa tatu ya mwisho na Olajuwon akaigusa kwa ncha za vidole. Kombe tumeshabeba kitambo, najua matokeo, na bado nilishika kiti.

Dada wa Ngamiani:

Shikamoo mzee. Hiyo ya kuuliza mabaharia imenigusa sana.

Dada wa Usagara:

Naomba nipingane kidogo na mwanzisha uzi. Tofauti ya pointi mimi hainisumbui. Ninachoogopa ni mwili wa mchezaji.

Mimi ni wa Toronto Raptors. Niliwapenda kwa sababu ya Masai Ujiri pale juu kwenye uongozi, Siakam wa Kamerun na Ibaka wa Kongo uwanjani. 2019 tukawa mbele ya Warriors 3-1, mechi ya tano kwetu Toronto. Kevin Durant wao akarudi kutoka kwenye majeraha, akafunga, akafunga, halafu robo ya pili akasimama ghafla akashika mguu. Kano ya kisigino imekatika. Baadhi ya mashabiki wetu wakashangilia. Nilisikia aibu mpaka masikioni, na nilifurahi kuwaona kina Kyle Lowry wanawanyooshea mikono wanyamaze. Tukafungwa kwa pointi moja, 106 kwa 105. Mechi ya sita kule Oakland, Klay Thompson naye goti likaenda. Alitolewa, akarudi akichechemea kupiga mitupo yake huru, kisha ndiyo akaondoka moja kwa moja.

Tulishinda 114 kwa 110. Kombe la kwanza la timu hii tangu ianzishwe, na mimi nililia. Lakini ukiniuliza picha ipi inanijia kwanza, ni Klay anarudi kutoka kwenye korido.

Wa Makorora:

Dada umesema kweli tupu, na mimi bado ni kidonda kibichi. Indiana Pacers, 2025, dhidi ya Oklahoma City Thunder. Mechi ya kwanza Haliburton alitupa kikapu cha ushindi ikiwa imebaki sekunde 0.3, na katika mechi hiyo tulikuwa hatujaongoza hata mara moja kabla ya hapo. Mechi ya sita akacheza na msuli mbovu wa shavu la mguu, tukashinda 108 kwa 91. Nikaanza kuamini. Ya saba Oklahoma, usiku wa kuamkia Jumatatu. Robo ya kwanza akaweka tatu zake tatu, halafu akakanyaga vibaya, akaanguka, akaanza kupiga sakafu kwa kiganja. Alijua. Sisi tuliokuwa tunaangalia tulijua. Wenzangu wawili wakaaga wakaenda kulala, mimi nilibaki mpaka tukafungwa 103 kwa 91, kwa sababu wachezaji waliobaki walikuwa bado wanapigana na sikuona haki kuwaacha.

Mgosi wa Raskazone (mwanzisha uzi):

Dada wa Usagara na wa Makorora, nimewasoma vizuri. Majeraha ni msiba, na shabiki anayeshangilia mtu kuumia simtaki hata kwenye kibaraza changu. Ila majeraha yanakuja bila taarifa, huwezi kuyaogopa wiki nzima. Uongozi unaubeba unalala nao, unaamka nao, unaupeleka kazini.

Dada wa Ngamiani nina swali. 2017 Warriors na Cleveland walikutana tena, na ilikuwa Ramadhani tena. Mdogo wako aliangalia?

Dada wa Ngamiani:

Aliangalia kaka, tena zote. Walipofika 3-0 alikuwa mtulivu, anakula vizuri. Cleveland wakashinda ya nne 137 kwa 116, ikasomeka 3-1 ileile, dhidi ya timu ileile, na palepale muhogo ukaanza kurudi sahanini. Ya tano ilianza saa kumi alfajiri. Safari hii alikwenda msikitini na Baba bila kungoja kuitwa, akarudi, akamalizia iliyobaki. Durant alikuwa moto, wakashinda 129 kwa 120 jua limeshatoka. Akalala mpaka Adhuhuri, na Baba akasema aachwe.