Programu ya tafsiri na saa za Kiswahili

Mfasiri wa Tanga: Ndugu zangu, habari za leo. Natafsiri barua na mikataba kwa Kiingereza, na siku hizi huanza kwa kuipitisha kazi kwenye programu ya tafsiri kisha nikaisahihisha. Juzi tangazo la kikao cha "saa mbili asubuhi" lilirudi likiwaita wajumbe saa nane usiku, ilhali Kiingereza chenyewe hakikuwa na kosa hata moja la kisarufi. Inakuwaje kompyuta iandike kwa ufasaha namna hiyo, kisha ishindwe na jambo analolijua mtoto wa darasa la pili?

Mwanaisimu: Programu hizi hazikufundishwa sarufi wala kusoma saa, zimepitishwa kwenye matini mengi mno, zikajifunza kukadiria ni kipande gani cha neno kinachoelekea zaidi kufuata vile vilivyotangulia. Hata vipande vyenyewe si viambishi tulivyosoma shuleni. "Hawatatupikia" kwetu ni ha-wa-ta-tu-pik-i-a, lakini programu hukata neno kwa kufuata herufi zinazoandamana mara nyingi katika matini iliyolishwa, na kwa kuwa matini hayo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza, neno letu huchanwa ovyo. Kuhusu saa, imetafsiri "mbili" na "asubuhi" kila moja kwa usahihi. Kwamba sisi huanza kuhesabu saa kunapopambazuka hakumo katika neno lolote kati ya hayo mawili. Mbinu iliyotangazwa na watafiti wa Google mwaka 2017 huipa programu uwezo wa kupima kila neno dhidi ya mengine yote yaliyo katika matini inayoisoma, kwa hiyo hebu iongezee muktadha uone.

Mpenda Kamusi: Njia ya kuandika kanuni nayo ilijaribiwa, tena kwa lugha yetu. Mwaka 1985 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuunda SALAMA, mfumo unaochambua Kiswahili kwa kamusi na kanuni za ngeli na viambishi. Kazi yake ni ya miaka mingi, lakini mfumo wa aina hiyo ukikosea, mtaalamu anaweza kuitafuta kanuni yenye kasoro akairekebisha, jambo ambalo kwa hizi za sasa ni gumu mno.

Karani Mstaafu: Kwenye mikataba, mimi ningeogopa zaidi kiambishi "a-". "Alitia sahihi" hakisemi ni mwanamume au mwanamke, na Kiingereza hulazimisha kuchagua. Niliwahi kukuta muuzaji wa kiwanja, mama mtu mzima, amegeuzwa mwanamume ukurasa mzima.

Mfasiri wa Tanga: Ahsanteni. Nimeandika "saa mbili asubuhi, wanafunzi wakishaingia darasani", na kikao kimerudi asubuhi yake. Nilipowaondoa wanafunzi, wajumbe wakaitwa tena usiku wa manane.