Pensheni ya Uingereza inaganda ukirudi nyumbani: mstaafu ahamie wapi?

Msafiri wa Tanga

Wakuu, habari za jioni. Naomba tujibu kwa akili, jazba tuiweke kando. Nina miaka 64, naendesha basi Leicester tangu 1998, nimebakiza miaka mitatu nianze pensheni ya serikali. Paspoti yangu ni ya Uingereza tangu 2004, na kwa kuwa kwetu uraia pacha hautambuliki, mimi Tanga ni mgeni kama mgeni mwingine. Mke wangu ni mtu wa Mombasa, Kibokoni.

Sasa kuna jambo wengi hawalijui mpaka washafunga kontena. Pensheni ya Uingereza hupanda kila Aprili. Ukihamia Tanzania au Kenya inaganda. Ulichoanza nacho ndicho utakachokufa nacho. Aliyestaafu 2016 akahamia Tanga alianza na paundi 155.65 kwa wiki na leo anapokea hizohizo. Jirani yake aliyebaki Leicester, Aprili 2025 alipanda hadi 230.25. Wote walikatwa makato yaleyale miaka yote. Lakini ukihamia Ureno haigandi. Jamaika haigandi. Morisi, yaani Mauritius, haigandi, na Morisi wana kibali cha wastaafu wa kigeni kuanzia miaka 50.

Swali: Tanga, Mombasa au Morisi? Na niseme mapema, sitaki kurudi kuwa benki ya ukoo.

Hesabu Kali

Mkuu uko sahihi, na hili limeshapigwa mahakamani. Kuna mama mmoja aliyehamia Afrika Kusini, Annette Carson, alilipeleka hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg. Akashindwa 2010. Kwa hiyo usisubiri huruma.

Tofauti uliyoitaja ni paundi 74.60 kwa wiki, yaani kama 3,879 kwa mwaka. Ila kumbuka hiyo ni baada ya miaka tisa. Mwaka wa kwanza hupotezi chochote, unaanza kuumia polepole kadiri bei zinavyopanda. Morisi utaumia tangu mwezi wa kwanza, kwa kodi ya nyumba. Kitu kingine: ukienda kutembea Uingereza, kwa muda uliopo kule unastahili kiwango cha sasa, ukirudi kinashuka tena.

Kibarua wa Ngamiani

"Sitaki kurudi kuwa benki ya ukoo."

Mzee shikamoo. Hii benki unayoikimbia, mtaji wake ulitoka wapi? Mimi baba yangu mdogo yuko huko huko kwenu. Alipoondoka, babu aliuza minazi, si nazi, MINAZI, pamoja na shamba lililosimama, ili mtu akate tiketi. Tulikuwa tunakula kwenye lile shamba. Leo akipigiwa simu kwamba mama yake anahitaji dawa ya presha anasema "na mimi nina bili". Hamkuchukua mkopo benki, mlichukua kwetu. Sasa wakati wa marejesho umefika, mnatuuliza njia ya kwenda Morisi.

Msafiri wa Tanga

Marahaba kijana. Minazi iliyouzwa kwetu ilikuwa ya baba yangu mzazi, si ya babako, na nimeilipa mara tatu. Nimeezeka nyumba ya Chumbageni. Nimesomesha wanne. Mwaka 2011 nilituma pesa za kujenga kwangu mwenyewe, nikaletewa picha: msingi, kuta, lenta, mpaka madirisha ya alminiamu. Nilipokwenda na familia nikaonyeshwa kiwanja chenye mwembe na mbuzi wawili. Zile picha ni za nyumba ya mtu mwingine kabisa, tena mwenyewe alikuwa barazani anakunywa kahawa, akatukaribisha vizuri. Usinifundishe marejesho.

Likoni Feri

Pole sana shemeji, na samahani nimecheka hapo kwenye mbuzi.

Nije kwenye maneno ya maana. Kwetu Kenya kuna kibali cha daraja K, cha mtu asiyefanya kazi ila ana kipato chake cha nje. Wataka umri wa miaka 35 kwenda juu na kipato cha dola 24,000 kwa mwaka. Pensheni yako peke yake haifiki, nimepiga hesabu. Lakini wewe una mke wa Kibokoni! Katiba yetu ya 2010, ibara ya 15, yasema mtu aliyeoana na raia kwa miaka saba ana haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia. Na uraia pacha kwetu ruhusa. Mgeni hapewi ardhi ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99, raia hana shida hiyo. Sasa Morisi ya nini? Njoo Nyali ama Mtwapa, ukitamani Tanga unapanda basi unapita Lungalunga na Horohoro, jioni unakula pweza kwenu.

Mwalimu Mstaafu Muheza

Nimesoma kwa utulivu nikaona nami niweke neno. Paundi 230 kwa wiki ni zaidi ya laki saba za kwetu. KWA WIKI. Mimi nimeshika chaki miaka 34. Maisha yangu yote nilikuwa najihesabia mkupuo wa asilimia 50, yaani nusu ya pensheni nilipwe kwa pamoja nikistaafu. Julai 2022 kikaja kikokotoo kipya, asilimia 33, mwaka mmoja kabla sijatoka. Ndipo 2024 wakapandisha hadi 40. Nilikuwa nimeshachora ramani ya nyumba ya vyumba vinne, nimejenga viwili. Halafu mtu analia kwamba laki saba yake ya kila wiki haipandi! Mheshimiwa, igande tu. Ije igande hapa Muheza, tutaipasua kwa shoka.

Hesabu Kali

Mwalimu hapo kwenye shoka umeniua. Ila usichanganye mambo, mkupuo ni kitu kingine na malipo ya kila mwezi ni kitu kingine. Hata yeye hatapata zote 230 kama hajafikisha miaka 35 ya michango. Ukiwa chini ya miaka 10 hupati kitu kabisa. Kama ameanza 1998 yuko karibu 30.

Mwalimu Mstaafu Muheza

Sikuchanganya. Nimefundisha hisabati.

Kibarua wa Ngamiani

Mzee, pole kwa ya kiwanja, sikujua. Lakini aliyekuibia ni mtu mmoja, usitupige wote fimbo moja. Na nikuulize la mwisho halafu ninyamaze: huko Morisi ukifa utazikwa na nani? Watu wa huko watakubeba mabegani? Nani atajua wewe ni mtoto wa nani?

Likoni Feri

Ukimleta maiti kwenye mjadala, mjadala umekwisha. Lakini kijana kasema kweli. Sisi Kenya twajua kisa cha wakili S.M. Otieno, mjane ataka amzike Upper Matasia, karibu na Nairobi, kwenye shamba lao, ukoo wataka Siaya. Mwili ukakaa chumba cha maiti miezi mitano mahakama ikiamua. Ukoo ukashinda 1987, akazikwa Nyalgunga, hukohuko Siaya. Na huyo alikuwa mwanasheria, na hakuacha wosia wenye nguvu!

Bint Shehe

Haya ni mambo ya mila zenu. Muislamu huzikwa alipofia, tena haraka. Leicester ina makaburi ya Waislamu na watu wa kumswalia wapo. Hii kupitisha kopo la mchango kila msikiti ili kusafirisha jeneza, maelfu ya paundi, wakati mtoto wa marehemu ana deni la chuo, mimi siielewi na sitaielewa.

Kibarua wa Ngamiani

Dada Bint Shehe, kopo la mchango mnalipitisha nyinyi huko, sisi huku tunachimba wenyewe kwa majembe. Hatudai hata maji ya kunywa.

Bint Shehe

Hamdai? Na pilau la hitma, la siku ya tatu, la arobaini, nani analipia? Mchele kilo mia anatumiwa nani risiti? Tusichokozane.

Bi Zamu

Nimekuwa nasoma tu, lakini mmefika kaburini na mmeruka kituo cha kabla yake. Mtu hatoki kwenye basi akaingia kaburini. Kuna miaka sita, kumi, hapo katikati, na mimi ndiyo kazi yangu.

Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, mji siutaji. Tulikuwa na mzee wa Pangani. Ugonjwa wa kusahau ulimfuta Kiingereza chote alichoongea miaka arobaini, kikabaki Kiswahili. Wenzangu walishamwandika kwenye daftari kuwa ni mkorofi, kwa sababu kila usiku kama saa tisa alikuwa anaamka, anashika vyuma vya kitanda, anavuta kwa nguvu, anapiga kelele. Wanampa kidonge cha kumtuliza. Usiku wangu wa kwanza naye nikamsikia anasema nini: "Maji yanajaa! Maji yanajaa!" Alikuwa anavuta chombo pwani. Nikamshika mkono nikamwambia, "Baba, maji yamekupwa, chombo kiko mchangani, wenzako wameshakifunga." Akaniuliza, "Na nyavu?" Nikamwambia nyavu zimeanikwa. Akalala mpaka asubuhi. Miezi minane tumefanya hivyo kila zamu yangu. Zamu isiyo yangu, kidonge.

Kwa hiyo kaka Msafiri, usiulize pensheni inapanda wapi tu. Jiulize saa tisa usiku nani atakujibu. Morisi wanaongea Krioli na Kifaransa.

Mwalimu Mstaafu Muheza

Bi Zamu, Mungu akulipe. Ila kwa faida ya vijana: "kupwa" ni kitenzi chenyewe, si "kupwaa" kama ninavyoona watu wanaandika siku hizi. Maji yamekupwa. Umeandika sawasawa.

Hesabu Kali

Imenigusa. Lakini na mimi niseme upande wa pili. Huyo mzee alikuwa na kitanda cha vyuma, muuguzi wa usiku, dawa na chakula. Angekuwa Pangani angekuwa na lugha, halafu? Figo zikigoma ni safari ya hospitali ya Bombo au Muhimbili mara tatu kwa wiki. Na Msafiri akihama moja kwa moja, matibabu ya bure ya hospitali kule Uingereza yanakatika, kwa sababu yanafuata ukaazi, hayafuati paspoti wala miaka uliyolipa kodi. Akija hajakata bima na ana sukari, hizo laki saba za Mwalimu zitaisha kabla ya Ijumaa.

Kibarua wa Ngamiani

Yaani Tanga hatuna hospitali sasa? Bibi yangu ana miaka 91, hajawahi kulala wodini.

Hesabu Kali

Bibi yako hajaendesha basi miaka 27 akila chipsi, mkuu.

Bint Shehe

Na ile hadhi maalum ya diaspora mbona hakuna anayeitaja? Bunge lilirekebisha sheria za uhamiaji na za ardhi kwa ajili ya watu kama huyu mzee, mwenye asili ya Tanzania aliyechukua uraia wa nje. Si uraia, hapigi kura, lakini hawi mtalii kwao.

Msafiri wa Tanga

Najua, dada, nimeisoma. Miaka yote naomba viza kwenda kumzuru mama yangu, napanga foleni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro na wapanda mlima, wao wananiuliza mimi hali ya hewa. Sasa nipewe karatasi ya kusema nina asili. Nitaichukua, lakini moyo umeingia baridi.

Bi Zamu, maneno yako nimeyasoma mara mbili garini wakati wa mapumziko, nikachelewa kutoka dakika nne. Mimi pia ni mtoto wa pwani, nyumba yetu Raskazone unasikia maji usiku. Labda swali langu nililiuliza vibaya. Kuna anayejua kiwanja kidogo maeneo ya Pangani, mbali kidogo na ndugu lakini si mbali sana?

Likoni Feri

Sasa na Mombasa je shemeji? Ibara ya 15 nimeiandika bure?

Mama Salma

Asalaam aleikum. Mimi ndimi huyo "mke wangu ni mtu wa Kibokoni". Nimeonyeshwa huu uzi na mwanangu.

Nimehesabu mmetaja Tanga, Morisi, Ureno, Jamaika, Pangani na makaburi ya kila dini. Mke hamkumuuliza hata mmoja. Nina wajukuu wawili hapa, mmoja namchukua shule kila siku saa tisa na nusu, na nimefanya kazi jikoni hospitalini miaka 22, kwa hivyo na mimi nina pensheni, jina langu liko juu yake. Kibokoni kwetu nyumba ilishagawanywa kwa ndugu saba, fungu langu ni ngazi na nusu ya ukumbi. Sijasema siendi. Nasema sijaulizwa.

Baba Salma, chai ishapoa.

Mwalimu Mstaafu Muheza

Ngazi na nusu ya ukumbi! Ilhali mimi nalalamikia vyumba viwili.

Kibarua wa Ngamiani

Shikamoo mama. Mzee ameshuka chini? Mbona kimya?

Likoni Feri

Wacha anywe chai. Bint Shehe, wewe wasema yale ni mila zetu, lakini kesi ya Otieno haikuwa mila tu, mjane alikuwa Mkikuyu, mume Mjaluo, huko ndiko kulikowaka moto.

Hesabu Kali

Si alifariki 1986?

Likoni Feri

Alikufa Desemba 1986, akazikwa Mei 1987. Hesabu mwenyewe hiyo miezi, wewe si ndiye Hesabu Kali.