Tupeane uzoefu: timu moja ikichezesha mamluki, chuo kizima kifungiwe?

Mpira wa Wavu
Wakuu, salaam. Mwaka wa pili chuoni nilikuwa timu ya wavu ya wanawake. Mazoezi saa kumi na moja alfajiri, nauli tumechangishana wenyewe. Siku mbili kabla ya safari tukaambiwa turudishe jezi. Kumbe soka wanaume walimchezesha beki wa timu ya mtaani kwa kitambulisho cha mwanafunzi aliyeahirisha mwaka. Chuo kikaondolewa michezo yote. Huyo beki hata sura yake siijui. Nanyi leteni yenu.

Kipa Mstaafu
Mimi nilikuwa upande wa wakosaji (chuo kingine, dada, tulia). Tulikuwa na mamluki watatu, mmoja ana watoto wawili na anaitwa "fasti yia". Mlezi wa michezo alijua. Waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi alijua. Aliyegonga mihuri kwenye fomu alijua. Ikafungiwa soka peke yake, na mwaka uliofuata watu walewale wakahamishia ujanja kwenye kikapu. Kwa hiyo mimi nasema chuo kiguswe. Muhuri ni wa chuo, si wa timu.

Bibie GS
Mkuu, na mgonga muhuri alifungiwa? Kwetu alihamishiwa ofisi yenye kiyoyozi. Sisi wa netiboli tulioshanunua raba ndio tuliobaki hosteli.

Mbongo Dallas
Nilihamia huku 2007. Jirani akanipeleka kuwaona SMU, chuo cha hapahapa, wakicheza futiboli ya Kimarekani. Msimu ule walishinda mechi 1 kati ya 12. Nikauliza kulikoni, akanirudisha 1987: NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilifuta msimu mzima wa timu hiyo kwa sababu wachezaji walikuwa wakilipwa kisirisiri na matajiri mashabiki. Mwaka 1988 chuo chenyewe kikaamua kutocheza.

Adhabu ilikuwa ya timu moja, michezo mingine iliendelea. Lakini waliojua walikuwa juu kabisa. Bill Clements, aliyewahi kuongoza bodi ya chuo, alikiri akiwa gavana wa Texas kwamba yeye na wenzake wa bodi walikubaliana malipo yaendelee. Alimaliza muda wake wa ugavana. Vijana niliowaona wakichapwa uwanjani, 1987 walikuwa wananyonya au hawajazaliwa.

Kitu kimoja nilikipenda: wachezaji wa wakati ule waliruhusiwa kuhamia vyuo vingine na kucheza moja kwa moja.

Kipa Mstaafu
Hapo umenigusa. Kwetu ukihama chuo unaanza na kuhangaikia mkopo, mpira utaukumbuka saa ngapi?

Mpira wa Wavu
@Kipa, chuo kiguswe, sawa, lakini kiguswe mfukoni. Kipigwe faini, mlezi na mgonga muhuri wakae nje miaka mitatu, na timu safi zipande basi. Nauli zetu zilibaki kwa mhasibu. Nimeshahitimu, nina mtoto darasa la pili, bado nasubiri.

Bibie GS
Risiti unayo?

Mpira wa Wavu
Ninayo.